Mbwa wa "washenzi" na taji la ubingwa



Siku chache zilizopita nilikuwa kituo cha daladala nikisubiri usafiri wa kurudi nyumbani. Kijana mmoja muuza magazeti, ambaye hupenda kuniita "mzee wa redio" ingawa uzee wenyewe bado naukimbia, akanionyesha picha ya mbwa mwenye nywele ndefu zilizochanwa zikalala, amesimama kando ya kikombe cha fedha kikubwa kuliko yeye. Akaniuliza: "Mzee, hebu nieleze. Huyu mbwa ni bingwa wa nini? Amekimbia, amepigana, au amekamata mwizi?" Watu waliokuwa kituoni wakaangua kicheko. Mama mmoja aliyebeba kikapu cha samaki akadakia: "Amekula vizuri, basi!"

Nilicheka nami, lakini swali lile halikuniacha. Jibu lake lina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo limo neno letu wenyewe, tena neno la kutukana, ambalo leo ni jina la mbwa bingwa huko Ulaya na Marekani. Neno hilo ni "washenzi". Tutalifikia.

Najua wapo wasikilizaji ambao dini yao inawataka wajihadhari na mate ya mbwa. Mazungumzo ya leo hayamtaki mtu amfuge mbwa wala ambusu. Yanahusu jinsi binadamu wanavyoweka vipimo, wanavyotoa heshima, na wanavyodharau kitu leo kisha wakakitafuta kesho kwa machozi.

Tuanze mwanzo. Tarehe 28 na 29 Juni mwaka 1859, katika mji wa Newcastle upon Tyne, kaskazini ya Uingereza, yalifanyika maonyesho yanayohesabiwa kuwa ya kwanza rasmi ya mbwa. Walioletwa walikuwa mbwa 60, wa aina mbili tu, pointa na seta, yaani mbwa wa mawindo wanaomwonyesha bwana wao mahali ndege alipojificha. Washindi walizawadiwa bunduki. Tajiri mwenye bunduki na mashamba ndiye aliyekuwa na haja ya mbwa wa namna hiyo, na mchezo ulikuwa wake.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mbwa aliyeshinda upande wa pointa alikuwa mali ya mmoja wa waamuzi wa seta. Na mbwa aliyeshinda upande wa seta alikuwa mali ya mmoja wa waamuzi wa pointa. Sisemi kwamba mabwana hao walikula njama. Huenda mbwa wao walikuwa bora kweli. Lakini hebu jiweke mahali pa mtu aliyesafiri toka mbali na mbwa wake, akapoteza, kisha akaona waamuzi wamebadilishana bunduki. Angerudi nyumbani akiamini nini? Kama ni hapa kwetu, redio zingepasuka kwa simu za malalamiko.

Kasoro ya pili ilikuwa majina. Mbwa walioitwa jina moja walikuwa tele, na mtu angeweza kumleta mbwa huyu leo, kesho akamleta mwingine kwa jina lile lile akidai ni yule yule aliyeshinda. Hapakuwa na daftari la kumwumbua.

Ndiyo maana mwezi Aprili 1873 mabwana 13, wakiongozwa na S. E. Shirley, walikutana London wakaunda chama walichokiita Kennel Club. Kazi yao ya mwanzo haikuwa kupamba mbwa. Ilikuwa kuandika. Mwaka 1874 walitoa kitabu cha nasaba, chenye orodha ya mbwa walioshinda tangu yale maonyesho ya 1859. Mwaka 1880 wakaanzisha uandikishaji wa majina, ili jina moja libebwe na mbwa mmoja. Wamarekani walifuata wakaunda chama chao, American Kennel Club, mwaka 1884. Tayari mwaka 1877 New York ilikuwa imeona maonyesho ya Westminster, yaliyoleta mbwa 1,201 kwa mkupuo mmoja. Na mwaka 1891 Charles Cruft, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya biskuti za mbwa, alifungua jijini London maonyesho yanayobeba jina lake hadi leo, Crufts. Hivyo biashara nayo ilikuwamo tangu zamani, tusijidanganye.

Turudi kwa swali la kijana wangu. Bingwa wa nini?

Jambo la kwanza la kushika ni hili: mbwa hawashindani kama wakimbiaji. Kila aina ya mbwa ina maelezo yake yaliyoandikwa, kimo chake, umbo la kichwa, mkia, rangi, mwendo, hata tabia. Tuyaite maelezo hayo kielelezo. Mwamuzi anapotazama mbwa kumi wa aina moja, kazi yake ni kusema ni yupi aliyekaribia zaidi kielelezo. Hata mwishoni, anaposimamishwa mbwa mkubwa kama ndama kando ya mbwa wa kubeba kwapani, swali linabaki lile lile: nani anafanana zaidi na maandishi ya aina yake? Ni kama mwalimu anayesahihisha insha ya Kiswahili na mwenzake anayesahihisha hesabu, kisha wanatafuta mwanafunzi bora wa shule.

Sasa pointi. Uingereza hawahesabu pointi, wanahesabu vyeti. Katika maonyesho makubwa yaliyoruhusiwa, dume mmoja na jike mmoja wa kila aina wanaweza kupewa cheti cha kugombea ubingwa. Mbwa akipata vyeti vitatu kutoka kwa waamuzi watatu tofauti, na angalau kimoja akiwa ametimiza umri wa zaidi ya miezi 12, anaitwa bingwa. Inasikika rahisi. Lakini kuna mambo mawili yanayoifanya iwe ngumu. La kwanza, mwamuzi anapokisaini cheti anathibitisha kwa jina lake kwamba mbwa huyo anastahili kuwa bingwa. Asiporidhika ana haki ya kukataa kukitoa, hata kama mbwa ameshika nafasi ya kwanza. La pili, mabingwa wa zamani hawastaafishwi. Wanaingia ulingoni pamoja na wageni, na mbwa mchanga hana budi kuwashinda ndipo apate cheti. Wapo mbwa wazuri waliozeeka bila ubingwa kwa sababu walizaliwa zama za mbwa mmoja asiyeshindika.

Marekani wanatumia hesabu nyingine. Huko mbwa anahitaji pointi 15. Onyesho moja humpa pointi kuanzia moja hadi tano, kutegemea amewashinda mbwa wangapi wa aina yake na jinsia yake, na kutegemea eneo la nchi, kwa sababu aina iliyojaa jimbo hili huenda ni adimu jimbo lile. Ushindi wa pointi tatu, nne au tano huitwa ushindi mkubwa. Na hapa ndipo penye akili: katika zile pointi 15 lazima ziwemo pointi za ushindi mkubwa mara mbili, chini ya waamuzi wawili tofauti, na mwamuzi wa tatu naye awe amempa angalau pointi. Mbwa aliyeokota pointi moja moja hata zikafika 30 si bingwa. Kwa nini? Kwa sababu bila sharti hilo marafiki wanne wangeweza kuzunguka na mbwa wao katika maonyesho madogo madogo, leo ashinde wa kwako, kesho wa kwangu, na baada ya mwaka mtaa mzima ni mabingwa.

Shirika la kimataifa la FCI, lililoundwa mwaka 1911 na vyama vya nchi tano za Ulaya, lilikwenda mbali zaidi. Bingwa wake wa kimataifa kwa kawaida anahitaji vyeti vinne kutoka nchi tatu na waamuzi watatu, na kati ya cheti cha kwanza na cha mwisho upite mwaka mmoja na siku moja. Yaani mbwa aonekane na macho mengi, mahali pengi, na kwa muda wa kutosha kujua kama uzuri wake ni wa kudumu au ni wa msimu wa embe.

Ukitazama vizuri, kanuni zote hizo zinasema jambo moja: hatumwamini mtu mmoja. Waliojifunza kwa aibu ya Newcastle hawakuita mkutano wa kuhimizana uaminifu. Waliweka utaratibu unaomfanya asiye mwaminifu apate taabu.

Na adabu za ulingoni zimetoka kisima hicho hicho. Mshika kamba anatakiwa awepo kabla aina yake haijaitwa, akiwa na namba yake imefungwa mkononi au kubanwa kifuani. Namba, si jina. Mwamuzi haruhusiwi kusoma orodha ya majina kabla hajamaliza kuamua. Mshika kamba naye hatakiwi kusema "huyu ni mtoto wa bingwa fulani" au "wiki jana alishinda mji fulani". Akiulizwa umri wa mbwa, anataja umri, ananyamaza. Ni adabu ya chumba cha mtihani.

Wakizunguka, mbwa kwa kawaida huwa upande wa kushoto wa mtu, mzunguko ukienda kinyume cha mishale ya saa, ili mbwa awe upande wa ndani anakosimama mwamuzi. Mshika kamba asijiweke katikati ya mwamuzi na mbwa. Asimkaribie mno mbwa wa mbele akamtia hofu na kumharibia mwendo. Asimwage vipande vya maini chini, maana mbwa wa nyuma atainamisha pua na kusahau kilichomleta. Jamaa walio nje ya kamba wasipige miluzi kumwita mbwa wao anyanyue masikio. Hilo ni kosa linalojulikana, na wengi hulijaribu.

Kisha mwamuzi humshika mbwa kwa mikono. Hutazama meno, hupapasa mabega, mbavu na mapaja, na kwa dume huhakikisha kwamba mapumbu yote mawili yameshuka. Mbwa wadogo huwekwa juu ya meza. Mwenye manyoya mengi huficha mengi, na mkono huona kisichoonekana kwa jicho. Mbwa akimuuma mwamuzi, safari yake imekwisha. Na matokeo yakitangazwa, aliyeshindwa humpa mkono aliyeshinda, akatoka. Kubishana na mwamuzi ulingoni ni aibu kubwa. Mwenye malalamiko anaandika kwa chama. Nilipoyajua haya niliwakumbuka baadhi ya viongozi wetu wa soka wanaomvamia refa kabla kipenga cha mwisho hakijapoa, nikaona kwamba hapa wenye mbwa wametupita.

Msifikiri mambo haya yako mbali. Jijini Nairobi kipo chama cha East Africa Kennel Club, nacho huandaa maonyesho ya ubingwa kwa kanuni za jinsi hii. Lakini kisa kinachotuhusu zaidi kimetoka Kongo.

Katika misitu ya Kongo na kusini ya Sudan tangu zamani kuna mbwa mdogo wa kuwindia, masikio wima, paji la uso lenye mikunjo, mkia umejikunja kama kata ya kubebea mzigo kichwani. Habweki kama mbwa wengine. Akitoa sauti ni kama anaimba. Kwa kuwa yuko kimya, wawindaji humvalisha kengele ya mti shingoni wasimpoteze vichakani. Wazungu walipouliza ni mbwa gani, waliambiwa kwa Kilingala kwamba ni mbwa wa "basenji", yaani mbwa wa watu wa porini. Ndugu msikilizaji, "basenji" hao ni ndugu zao "washenzi", neno ambalo watu wa misafara ya pwani waliwabandika watu wa bara. Tusi likasafiri na pembe za ndovu, likaishia kuwa jina la mbwa.

Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hiyo walipelekwa Crufts kama kioja kutoka Afrika. Wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alichukua wengine sita kutoka Sudan. Nao wakafa, safari hii baada ya kuchanjwa. Ni mwaka 1937 ndipo mbwa walioletwa na Olivia Burn walipoonyeshwa Crufts, na watu wakajaa kumtazama mbwa asiyebweka. Kielelezo kikaandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Marekani nayo ikampokea. Na mwaka 2001, katika maonyesho yale yale ya Crufts, basenji alitangazwa kuwa mbwa bora kuliko wote. Mbwa wa washenzi akavishwa taji mbele ya mbwa wa masultani na malkia.

Ningeweza kuishia hapo tukapigiana makofi. Lakini kisa kina upande wa pili, na ndio ulionifanya nichague mada hii.

Kitabu cha nasaba, kile kilichozuia udanganyifu, kilikuwa pia ukuta. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno waliosalimika safari. Baada ya hapo mlango ukafungwa: asiye na wazazi kitabuni hakuingia. Wakazalishwa ndugu kwa ndugu, miaka ikapita, vikombe vikaongezeka, na ndani ya damu magonjwa yakakusanyika. Kwanza ilionekana anemia ya kurithi. Wafugaji wakawaondoa wenye kuibeba, na kwa kufanya hivyo wakapunguza zaidi idadi ya wazazi. Kisha ukaja ugonjwa wa figo unaomfanya mbwa apoteze kwa mkojo sukari na virutubisho ambavyo mwili unavihitaji. Mwamuzi angeweza kupapasa mbavu mpaka jioni asiuone. Mbwa alisimama sawasawa, mkia umejikunja barabara, meno yamepangana, na figo zinaanza kufa.

Wakafanya nini? Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walipanda ndege kwenda Zaire, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati huo, wakaingia vijiji vya kaskazini-mashariki kutafuta mbwa kwa wenye mbwa: watu wa vijijini waliokuwa wakiwinda nao, wasio na daftari, wasio na kikombe. Mwaka 1990 American Kennel Club ilikubali jambo ambalo si la kawaida kwake, ikafungua kitabu cha nasaba ili mbwa hao kutoka Kongo waingizwe. Baadaye kilifunguliwa tena. Na mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walitoa kipimo cha kuwasaidia wafugaji kuwatambua wanaobeba ugonjwa wa figo.

Hebu tafakari. Waliokwenda na kielelezo mkononi walirudi kwa "mshenzi" kuomba damu ya kuokoa mabingwa. Mbwa wa kijijini alikuwa amechujwa na mwamuzi mwingine ambaye hapokei zawadi wala hana rafiki: njaa, msitu na chui.

Sisemi kwamba maonyesho ni ubaya mtupu. Mwaka 1898 Kennel Club ilipiga marufuku mbwa waliokatwa masikio kwa urembo, na kwa kuwafungia ulingo tu desturi ile ikadhoofika Uingereza. Lakini ulingo huo huo ulikuwa ukiwasifu mbwa waliofupishwa pua mpaka wakashindwa kupumua. Mwaka 2008 filamu moja ya televisheni ya Uingereza iliwaanika mbwa wa nasaba walivyokuwa wakiteseka, na BBC ikaacha kutangaza Crufts. Vielelezo vikarekebishwa. Mwaka 2012 mbwa walioshinda katika aina 15 zilizotiliwa shaka walipelekwa kwa daktari wa mifugo kabla ya kuendelea, na sita wakanyimwa nafasi. Sita, tena walikuwa wameshachaguliwa kuwa bora wa aina zao! Mwamuzi alikuwa amekubali, daktari akakataa.

Kwa hiyo kijana wangu wa magazeti nilimjibu hivi nilipopita tena kituoni: yule mbwa ni bingwa wa kufanana na karatasi. Si jambo dogo, maana karatasi hiyo inalindwa kwa kanuni kali, na waliozitunga walijua udhaifu wa binadamu. Lakini karatasi ikikosewa, bingwa naye amekosewa.

Akafikiri kidogo, akasema: "Mzee, sisi kwetu babu alikuwa na mbwa wa namna hiyo, mkia umejikunja. Anakamata digidigi peke yake. Tulikuwa tunamwita mbwa koko." Nikamuuliza bado wapo? Akasema wamekwisha, watu sasa wanataka mbwa wa kizungu.

Hapo ndipo nilipokosa jibu, ndugu msikilizaji. Ng'ombe wetu wa asili wanaohimili ukame, kuku wa kienyeji, mbegu za mtama za bibi zetu, vyote hivyo tumevitazama kwa jicho la mtu aliyetuita washenzi, tukaviona havina cheti. Na ni kweli, havina. Hakuna aliyeviandika. Basenji alipata bahati: waliomhitaji walikuta bado yupo kijijini. Siku tutakapokwenda kijijini sisi kuomba mbegu, tuombe Mungu tukute mtu na mbegu yenyewe.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, saa kama hii, panapo majaliwa.